Kuhesabu madoa ya jua kwa darubini ndogo: jinsi ya kuanza na jinsi ya kudumu nayo

Kuna watu wengi wana darubini ndogo imekaa tu kabatini inasubiri usiku wenye anga safi, na hawajui kwamba hiyo hiyo darubini inaweza kufanya kazi ya maana sana mchana kweupe. Kazi yenyewe ni kuhesabu madoa ya jua kila siku ambayo mawingu yanaruhusu, na kuandika. Basi. Watu walianza kuyaangalia madoa haya kwa darubini miaka ya 1610 na 1611, kina Harriot, Fabricius, Galileo na Scheiner, na mpaka leo sehemu kubwa ya hesabu hiyo inatoka kwa watu wa kawaida tu wanaofanya kwa kupenda, wenye darubini za milimita 60 au 80. Nitaenda hatua kwa hatua, ila kuna hatua nitakaa nazo sana na nyingine nitazipita haraka maana uzito wake haulingani.

Kwanza kwa kifupi doa la jua ni nini. Uso wa jua tunaouona una joto la kama nyuzi 5,500 za Selsiasi. Sasa kuna sehemu ambapo uga wa sumaku unachomoza kutoka ndani ukiwa na nguvu sana mpaka unazuia joto la chini lisipande vizuri, hiyo sehemu inapoa nyuzi elfu moja mpaka mbili hivi, na kwa kuwa imezungukwa na sehemu kali zaidi, basi inaonekana nyeusi. Ungeweza kulitoa doa kubwa ukaliweka peke yake angani usiku lingewaka vizuri tu. Katikati ya doa kuna kiini cheusi kinaitwa umbra, na pembeni yake kuna ukingo wa kijivu unaitwa penumbra. Haya maneno mawili yashike, maana hesabu yote huko mbele inayategemea. Madoa madogo kabisa hayana penumbra, ni kidoto cheusi tu.

Hatua ya 1: macho kwanza, vingine baadae

Hapa naomba usome polepole. Kuangalia jua kwa darubini bila kinga ni kupofuka, na kubaya zaidi hautasikia maumivu yoyote wakati inatokea maana retina haina neva za maumivu, mtu anakuja kugundua baadae sana kwamba katikati ya kila anachokiangalia kuna giza na haliondoki. Darubini ya milimita 70 inakusanya mwanga mara mia kadhaa zaidi ya mboni ya jicho lako mchana, hivyo hata nukta ya sekunde inatosha kuharibu.

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni filta ya jua inayokaa MBELE ya darubini, yaani mwanga unapunguzwa kabla haujaingia ndani. Wengi wanatumia karatasi maalum ya filta kama ile ya Baader AstroSolar, ambayo kwa kuangalia kwa macho unatakiwa uchukue ile iliyoandikwa 5.0, inapitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga. Kuna nyingine ya 3.8, hiyo ni ya kamera peke yake, usiweke jicho pale hata kidogo. Ukiitengenezea fremu usiivute ikakaza, iache na mikunjo yake, haiharibu picha. Kila siku kabla ya kutumia iinue mbele ya taa kali uikague, ukiona kitobo au mkwaruzo unaopitisha mwanga hiyo filta imeisha kazi yake, tafuta nyingine. Alafu ifunge na utepe wa gundi pembeni, maana upepo ukiivua wakati jicho lako liko nyuma hakuna muda wa kukwepa.

Njia ya pili ni kulimulika jua kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa nyuma ya darubini, hakuna anayechungulia popote, mnaangalia karatasi tu, na hata watu watano wanaweza kuona pamoja. Hii ni nzuri sana kwa kuchora. Ila ifanye na darubini ya lenzi tu, sio ya vioo, maana joto linalokusanyika ndani linaweza kuharibu kioo kidogo na vipande vya plastiki vya ndani. Lenzi ya jicho pia tumia ya bei rahisi ya aina ya zamani yenye vioo vichache, zile za kisasa zenye vioo vilivyogandishwa na gundi zinaweza kuharibika kwa joto. Na usiondoke ukaiacha darubini imeelekea juani, hasa kama kuna watoto.

Sasa vitu vya kukataa kabisa: vioo vilivyopakwa moshi, filamu za eksirei, CD, miwani ya jua hata ukivaa mitatu kwa pamoja, kuangalia jua ndani ya beseni la maji. Miwani ya kupatwa kwa jua iliyo na alama ya ISO 12312-2 ni nzuri kwa macho matupu TU, usiivae alafu ukachungulia darubini, mwanga uliokusanywa utaitoboa. Na kama darubini yako ilikuja na kile kifilta kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kimeandikwa "Sun", kitupe leo hii. Kinakaa pale pale joto linapokusanyika, kinaweza kupasuka ghafla na jicho likiwa hapo.

Hatua ya 2: kulipata jua

Kile kidarubini kidogo cha pembeni cha kulengea kifunike au kitoe kabisa. Kulenga ni kwa kivuli: angalia kivuli cha bomba la darubini chini, kizungushe mpaka kiwe kifupi kabisa na cha duara, hapo jua liko karibu. Tumia ukuzaji mdogo kwanza. Kwa hesabu yenyewe ukuzaji wa mara 50 mpaka 70 unatosha, jua zima linaingia kwenye duara la kuonea na madoa madogo yanaonekana. Rudolf Wolf, yule wa Zurich aliyebuni namba tutakayoitumia huko chini, alikuwa na darubini ya milimita 80 kwa ukuzaji wa mara 64, na hicho ndo kikawa kipimo.

Muda mzuri ni asubuhi, jua likiwa limeshapanda kidogo lakini ardhi haijapata moto. Kadiri siku inavyoenda ardhi na mapaa yanatoa joto, hewa inacheza, na ukingo wa jua unaanza kuchemka. Ukiweza weka darubini juu ya nyasi, zege na lami zinaharibu sana picha.

Hatua ya 3: kujua kaskazini iko wapi

Watu wengi wanairuka hii alafu michoro yao inakuwa haina msaada. Kila darubini inageuza picha kwa namna yake, na ikiwa na kile kioo cha kupinda mwanga inageuza kulia na kushoto, hivyo usikariri, pima. Kama stendi yako ina mota izime, uliache jua liteleze lenyewe. Upande wa duara la jua unaotangulia kutoka kwenye eneo la kuonea ni magharibi. Chagua doa moja, lifuate likiteleza, weka alama za penseli mahali linapopita, unganisha, huo ndo mstari wako wa mashariki magharibi. Jua zima linapita kwa kama dakika 2 tu hivyo inabidi uwe mwepesi. Kwa kaskazini, isukume darubini kidogo sana kuelekea kaskazini ya anga, jua litateleza kuelekea kusini ya eneo la kuonea, hapo umemaliza.

Kuna kitu cha ziada hapa kwa wale watakaotaka kupima nafasi ya madoa. Mhimili wa jua haujasimama wima ukilinganisha na wetu, kwa mwaka mzima unaonekana ukilalia mashariki au magharibi mpaka nyuzi 26 hivi, na ncha yake inatuinamia au kutukwepa mpaka nyuzi 7.25. Mwanzoni mwa Septemba ncha ya kaskazini ya jua ndo imetuinamia zaidi, mwanzoni mwa Machi ni ya kusini. Majedwali ya kila siku ya hizi pembe yapo, zinaitwa P (kulala kwa mhimili), B0 (kuinama kwa ncha) na L0 (longitudo ya katikati ya duara la jua), na kuna vielelezo vya duara vyenye mistari ya latitudo na longitudo vinaitwa vya Stonyhurst, unaviprinti kwenye plastiki angavu, unaweka juu ya mchoro wako unasoma moja kwa moja. Kwa anayeanza, kuhesabu makundi ya kaskazini na ya kusini tu inatosha, usijichoshe na hizi pembe mwezi wa kwanza.

Hatua ya 4: kuchora

Chukua karatasi, chora duara la sentimita 15 kwa bikari, hilo ndo wengi wanalitumia. Kwa kipimo hicho Dunia yetu ingekuwa kidoto cha milimita 1.4 hivi, kumbuka hilo kila unapochora doa. Weka kwanza madoa makubwa mahali pake, alafu madogo ukiyapimia kutoka kwa yale makubwa. Mchoro hauhitaji uzuri, unahitaji nafasi ziwe sahihi. Pembeni karibu na ukingo wa jua utaona mabaka meupe meupe kama nyuzi zilizotawanyika, yanaitwa fakula, yazungushie mstari wa nukta. Mara nyingi fakula zikitokea ukingo wa mashariki kuna kundi linafuata nyuma linakaribia kuzunguka kuja upande wetu.

Hatua ya 5: hesabu yenyewe

Hapa ndo pa kukaa. Wolf mwaka 1848 aliona kwamba kuhesabu madoa peke yake hakutoshi, maana mwenye darubini kubwa ataona vidoto vingi zaidi, lakini makundi wote wanayaona karibu sawa. Basi akalipa kila kundi uzito wa 10. Fomula ni R = k(10g + f), g ni idadi ya makundi, f ni idadi ya madoa yote, na k ni kirekebisho cha mwangalizi ambacho kwa sasa kichukulie kuwa 1.

Tuchukue mfano. Umeweka jicho, unaona makundi matatu. La kwanza upande wa magharibi wake kuna doa kubwa lenye penumbra, ukilikodolea macho ndani ya penumbra moja kuna umbra mbili zimetenganishwa na kijimstari cheupe, alafu nyuma yake kuna vidoto vitano vimefuatana. Hizo umbra mbili kila moja inahesabika, hivyo kundi hili lina madoa 7. La pili ni doa moja la duara lenye penumbra, halina wenzake, limekaa lenyewe. Hilo ni kundi, na lina doa 1. Ndio, doa moja peke yake ni kundi, linakupa 11. La tatu ni vidoto vitatu vidogo bila penumbra, 3. Sasa g ni 3, f ni 7 na 1 na 3 yaani 11, R ni 30 na 11, jumla 41.

Angalia sasa ugumu uko wapi. Mtu mwingine akiliangalia lile kundi la kwanza akasema hapana, doa kubwa ni kundi lake na vidoto vya nyuma ni kundi lingine, namba yake inaruka kutoka 41 mpaka 51 na hajaona doa hata moja zaidi yako! Kwa hiyo ujuzi wote wa kazi hii uko kwenye kutenganisha makundi, na unakuja kwa kufuata jua siku hata siku, hakuna njia ya mkato. Kuna miongozo inayosaidia. Makundi mengi yana pande mbili, kiongozi upande wa magharibi na wafuasi upande wa mashariki, na yamelala karibu sambamba na ikweta ya jua, kiongozi akiwa ameisogelea ikweta kidogo zaidi. Ukiona mafungu mawili yako longitudo moja ila moja liko juu na lingine chini, kuna uwezekano mkubwa ni makundi mawili. Ukiona mafungu mawili kwenye latitudo moja yametengana, rudi kwenye mchoro wako wa jana na juzi, je yalizaliwa pamoja yakaachana, au kila moja lilitokea kivyake? Mchoro wa jana ndo mwamuzi. Ndo maana anayeangalia mara moja kwa wiki anapata shida kuliko anayeangalia kila siku.

Kingine, vidoto hafifu. Hewa ikicheza utaona vitu vyeusi vinatokea na kupotea, uso wa jua wenyewe una chembechembe za kama kilomita 1,000 zinazochemka muda wote na kati yake kuna vijigiza. Doa la kweli linabaki mahali pake. Subiri, usihesabu kwa pupa, kaa na kundi moja kwa dakika kadhaa mpaka hewa itulie kidogo, ule muda mfupi wa utulivu ndo unaoona ukweli, alafu hesabu tena. Kama kidoto umekiona mara moja na hakijarudi, kiache. Na usiongeze uzito kwa doa kubwa, kubwa na dogo yote ni 1.

Siku jua likiwa safi kabisa halina doa, andika 0. Hii ni data kamili. Siku ya mawingu usiandike 0, acha wazi au weka mstari. Ukizichanganya hizi mbili umeharibu wastani wa mwezi mzima, na kipindi cha chini cha mzunguko wa jua (madoa huongezeka na kupungua kwa kipindi cha kama miaka 11, tutafika huko) hizo sifuri ndo zenye maana kuliko namba nyingine zote.

Hatua ya 6: daftari

Kila siku: tarehe, saa kwa UT (saa ya kimataifa, ile ya Greenwich) na sio saa ya ukutani kwako, darubini gani na ukuzaji gani, utulivu wa hewa wakati wa kuangalia kwa kipimo cha 1 mpaka 5, g, f, R, makundi ya kaskazini na ya kusini, na mstari mmoja wa maelezo. Andika kwa mkono kwanza pale pale, baadae ndo uingize kwenye kompyuta. Basi, hakuna zaidi.

Hatua ya 7: usichungulie picha za setilaiti kabla hujamaliza

Hili kwangu ni kubwa kuliko yote baada ya usalama wa macho. Setilaiti ya SDO ya NASA, iliyorushwa Februari 2010, inatoa picha za jua mchana na usiku bila kukoma, na ni kali kuliko chochote utakachokiona kwa darubini yako. Mtu anajiuliza sasa mimi wa nini? Jibu ni kwamba rekodi hii ina karne nne na setilaiti hizi zina miaka michache, kwa hiyo ili namba ya leo iweze kulinganishwa na namba ya miaka ya 1850 lazima ipatikane kwa njia ile ile, jicho la mtu, darubini ndogo, kupitia hewa. Ukifungua picha ya SDO kwanza, ubongo wako utaanza kuona vidoto ambavyo darubini yako haiwezi kuvionesha, namba yako itapanda, na haitakuwa yako tena, wala ya SDO. Hesabu, andika kwa wino, funga daftari, ndo uende kuangalia picha ujifunze. Usirudi kubadilisha.

Na uthabiti huu ndo uliozaa ugunduzi mkubwa kabisa wa fani hii. Samuel Heinrich Schwabe alikuwa mfamasia wa Dessau, Ujerumani, alianza kuliangalia jua mwaka 1826 akitafuta sayari ambayo ilidhaniwa iko ndani ya njia ya Utaridi, hiyo sayari haipo, lakini yeye aliendelea kuandika madoa kila siku ambayo jua lilionekana, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaona yanapanda na kushuka kwa kipindi cha kama miaka 10, na akalitangaza hilo mwaka 1844. Leo tunasema wastani ni miaka 11. Na Japani kuna Hisako Koyama, alianza kama mpenzi tu wa anga mwaka 1944, alafu akafanya kazi makumbusho ya sayansi Tokyo, akachora jua kwa zaidi ya miaka 40, michoro zaidi ya 10,000, kwa darubini ya sentimita 20. Wataalamu walipokuja kurekebisha rekodi nzima ya madoa ya karne hizi nne, michoro yake ilikuwa moja ya nguzo walizoegemea, kwa sababu ni jicho lile lile na darubini ile ile kwa miongo minne. Mimi hii naiona ni heshima kubwa kuliko kugundua nyotamkia.

Hatua ya 8: kusoma jua linafanya nini

Ukishazoea kuhesabu anza kuyatazama makundi kama vitu vyenye maisha. Jua linajizungusha na kwa sisi linaonekana kumaliza mzunguko kwa kama siku 27, kwa hiyo kundi linasogea nyuzi 13 hivi kwa siku, linaingia mashariki linapotelea magharibi baada ya karibu wiki mbili. Lipe kila kundi herufi kwa mfumo wa Zurich uliorekebishwa: A ni doa au vidoto vya fungu moja bila penumbra, B ni pande mbili bila penumbra, C penumbra iko upande mmoja, D penumbra iko pande zote mbili na urefu hauzidi nyuzi 10, E ni nyuzi 10 mpaka 15, F zaidi ya 15, na H ni lile doa la upande mmoja lenye penumbra, mara nyingi ni kiongozi mzee aliyebaki baada ya wafuasi kufutika. Kwenye duara lako la sentimita 15, nyuzi 10 katikati ya jua ni kama sentimita 1.3, kwa hiyo rula inatosha.

Makundi ya kuyakodolea macho ni D, E na F yaliyovurugika, yenye umbra nyingi ndani ya penumbra moja, na hasa yanayokua haraka. Mei 2024 kundi namba 13664 lilikua kwa siku chache tu mpaka likawa na upana zaidi ya mara 15 ya Dunia, lilionekana kwa miwani ya kupatwa bila darubini, likarusha milipuko mfululizo, na tarehe 10 na 11 Dunia ikapata dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, G5. Lilipotea ukingo wa magharibi na mwisho wa mwezi likarudi mashariki likiwa na namba mpya, 13697. Aliyekuwa anachora kila siku analo hilo kundi lote kwenye daftari lake, toka lilivyokuwa dogo.

Milipuko yenyewe hupangwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila herufi ni mara 10 ya iliyotangulia, na inapimwa kwa eksirei na setilaiti za GOES. Kwa darubini yenye filta ya kawaida kama yetu ni nadra mno kuuona mlipuko. Mwanaastronomia Mwingereza Richard Carrington aliuona tarehe 1 Septemba 1859 akiwa anachora kundi kubwa, mwanga mkali ukatokea juu ya madoa ukakaa kama dakika 5, na saa 17 na kitu baadae dhoruba kubwa ikaifikia Dunia. Ukiona kitu cha namna hiyo andika saa UT hadi sekunde, kwanza kabla ya chochote. Kuna darubini za haidrojeni-alfa, yaani zinazopitisha rangi moja tu nyekundu ya haidrojeni, nanomita 656.28, zinaonesha milipuko na ndimi za moto pembeni vizuri sana, ila ni ghali na hesabu ya madoa haizihitaji.

Andika pia latitudo. Mzunguko mpya wa madoa, ule wa miaka 11, ukianza madoa yanatokea mbali na ikweta, nyuzi 30 hivi, alafu miaka ikienda yanatokea karibu na ikweta zaidi na zaidi. Mzunguko huu wa 25 ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 NASA na NOAA (idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa) walitangaza kwamba jua limeingia kipindi chake cha kilele. Ukiendelea kuchora wakati wa kushuka utaona mwenyewe makundi yakijisogeza kwenye ikweta, na siku moja kidoto kitatokea peke yake juu huko nyuzi 30, hicho ni cha mzunguko wa 26.

Kwa wenye kupenda redio

Hii ni ya hiari. Milipuko ikitokea, eksirei zake zinafika kwa dakika 8 na kitu na zinabadilisha tabaka la chini la ionosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji ya umeme, inayorudisha mawimbi ya redio) upande wa mchana. Kuna mitambo ya kijeshi inayowasiliana na nyambizi kwa masafa ya chini sana, kwa mfano ile ya Cutler kule Maine, Marekani, kwenye kilohezi 24.0, na DHO38 ya Ujerumani kwenye 23.4. Ukitengeneza antena ya waya uliozungushwa kwenye fremu ya mbao, ukaiunganisha na kikuza sauti na kadi ya sauti ya kompyuta, ukarekodi nguvu ya mawimbi siku nzima, mlipuko utauona kama mruko wa ghafla kwenye grafu kisha kushuka polepole, hata siku ya mawingu mazito. Macheo na machweo yana umbo lake kwenye grafu, jifunze hilo kwanza usije ukaliita mlipuko. Ripoti za namna hii pia zinapokelewa na AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota.

Hatua ya 9: kutuma

Daftari likikaa kwako peke yake limefanya nusu ya kazi. Kituo cha dunia cha namba ya madoa ni SILSO, kiko Royal Observatory ya Ubelgiji jijini Brussels, kilipokea kazi hii kutoka Zurich mwaka 1981. AAVSO ya Marekani nayo ina kitengo cha jua toka 1944 na inapokea waangalizi wapya. Unajisajili, unaeleza kifaa chako, na kila mwisho wa mwezi unatuma g na f za kila siku. Tuma namba ghafi, usijirekebishe mwenyewe. Wao ndo wanakokotoa k yako kwa kulinganisha na wengine: kama wastani wao ni 90 na wako ni 75, k yako ni 1.2, kama unaona mengi kuliko wao k inakuwa chini ya 1. Hakuna k nzuri wala mbaya. Inayotakiwa ni k isiyoyumba.

Ukija kulinganisha na majedwali ya zamani kumbuka tarehe 1 Julai 2015 Brussels walibadilisha kipimo, zamani namba zilikuwa zinazidishwa kwa 0.6 na sasa hapana, hivyo majedwali ya kabla ya hapo yana namba ndogo zaidi kwa jua lile lile.

Na siku utakayonunua darubini kubwa zaidi, maana itafika tu, usiiache ile ndogo ghafla. Hesabu kwa zote mbili, asubuhi moja, daftari mbili tofauti, anza na ndogo ili kubwa isikuoneshe vidoto kabla, na ufanye hivyo kwa miezi kadhaa. Kama moyo wako hauko tayari kwa kazi hiyo mara mbili basi iache ile ndogo iendelee na hesabu za madoa, na kubwa itumie usiku.